Daftari la Pande Mbili

Wasomaji wengi waliopata kukaa darasani wamesikia habari za zama zile ambazo Wazungu huziita Kuzaliwa Upya, yaani Mwamko wa Ulaya, ulioanza Italia katika karne ya 14 ukaenea nchi nyingine hata karne ya 16. Katika shule ya misheni niliyosoma mimi tulifundishwa majina ya wachoraji na wachongaji wa zama hizo, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukayasahau. Sikudhani kwamba ningeyakumbuka tena nikiwa nimeketi juu ya kreti la soda huko Kawangware, mbele ya daftari la chama cha akina mama wauza mboga.

Mambo yalikuwa hivi. Akina mama hao kumi na wanane huchangishana fedha kila Jumapili na kukopeshana. Mwezi mmoja ilionekana kwamba zimepungua shilingi 6,800, na mweka hazina, ambaye ni mama mtu mzima, akaanza kunyoshewa vidole. Niliitwa kwa kuwa mimi ni karani wa Serikali, na watu hudhani kila karani ni bingwa wa hesabu. "Karani, mwanangu," akaniambia yule mama, "tazama vizuri. Mimi sikula fedha ya mtu."

Nikatazama. Daftari lilikuwa safi na mwandiko wake mzuri, walakini liliandikwa upande mmoja tu: fulani ameleta kiasi fulani. Fedha zilipotoka, zilitoka kwa maneno ya mdomo. Hapo ndipo nilipomkumbuka Luca Pacioli.

Pacioli alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko na mwalimu wa hesabu. Leonardo da Vinci, yule mchoraji mashuhuri, alikuwa rafiki yake, akamchorea michoro ya kitabu chake kimojawapo. Mwaka 1494, katika mji wa Venice, Pacioli alipiga chapa kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza desturi ya wafanya biashara wa mji ule. Kila fedha huandikwa mahali pawili, mara moja pale ilipotoka na mara ya pili pale ilipokwenda, na jumla za pande hizo mbili hazina budi kulingana. Yeye hakuivumbua desturi hiyo wala hakudai hivyo, kwa maana Waitalia walikuwa wameitumia zaidi ya miaka mia. Alichofanya ni kuitoa katika vyumba vya matajiri na kuitia katika chapa, ili kila ajuaye kusoma aipate. Na chapa yenyewe ilikuwa jambo jipya, maana Biblia ya Johann Gutenberg ilikamilika huko Mainz yapata mwaka 1455.

Wachoraji wanastahili sifa zao, lakini rangi hununuliwa. Jamaa ya Medici wa Florence, walioanzisha benki yao mwaka 1397, waliweka vitabu vyao kwa njia hiyo ya pande mbili, na utajiri wao ulijenga maktaba na kuwalisha mafundi. Michelangelo alipokuwa kijana alikaa nyumbani mwa Lorenzo de' Medici. Lorenzo huyo ndiye aliyeletewa twiga na Sultani wa Misri mwaka 1487, mji mzima ukashangaa. (Twiga wa Malindi alikuwa amekwisha kufika Uchina mwaka 1415, kwa hiyo watu wa Florence walichelewa kidogo.)

Je, elimu hiyo ya hesabu Waitalia waliipata wapi? Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi sikufundishwa. Mtu mmoja wa Pisa aliwatumikia wafanya biashara wa kwao katika nyumba ya ushuru ya Bugia, bandari iliyoko katika nchi ambayo leo ni Algeria. Tuseme alikuwa karani kama mimi. Mwanawe, aitwaye Leonardo na ajulikanaye sana kwa jina la Fibonacci, alifunzwa huko Afrika tarakimu za Kihindi ambazo Waarabu walikuwa wakizitumia, na mwaka 1202 akaandika kitabu cha kuwafundisha watu wa kwao, waliokuwa bado wakihesabu kwa herufi za Kirumi. Hawakumpokea wote. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kilikataza tarakimu hizo katika vitabu vyao. Wazee wa kila mji ni wale wale!

Katika kitabu chake Fibonacci aliiita ile alama ya duara *zephirum*, kutokana na neno la Kiarabu *sifr*, na kwa Waitalia ikageuka kuwa *zero*. Neno lilo hilo lilisafiri na pepo za kaskazi hata pwani yetu, likawa sifuri. Daftari nalo lina safari yake: asili yake ni neno la Wayunani wa kale lenye maana ya ngozi, nalo limetufikia kwa njia ya Waajemi na Waarabu. Kalamu pia ni ya Wayunani. Basi mama wa Kawangware asemaye "lete daftari na kalamu" ametamka maneno mawili ya wale wahenga ambao wataalamu wa Florence walikuwa wakiwatafuta, na hayakumjia kwa njia ya Ulaya.

Nilimwomba mweka hazina akumbuke fedha zote zilizotoka. Baada ya kufikiri sana alikumbuka mkopo aliompa mwanachama mmoja aliyehamia Kibera, upande wa Makina. Tukaenda, tukivuka Ngong Road kwa miguu. Makina ni makao ya tangu zamani ya Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan waliotumikia King's African Rifles na kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Kibera latokana na neno lao, Kibra, yaani msitu. Tulisikia watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti moja. Mwanamke tuliyemtafuta hakukana neno. Alitufungulia simu yake, na ujumbe wa M-Pesa ulionyesha shilingi 4,300.

Nikirudi nyumbani jioni ile, nilifikiri kwamba walimu wetu nao walituandikia Mwamko huo upande mmoja. Kuba kubwa la kanisa la Florence lilikamilika mwaka 1436. Miaka minane baadaye, mwaka 1444, Waafrika waliotekwa waliuzwa hadharani huko Lagos katika Ureno. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, naye Francisco de Almeida akauteka na kuuchoma moto mji huo mwaka 1505. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi wa Milan, kwa kufuata kanuni za mafundi wa Italia walioamini kwamba vipimo vilivyo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2011. Ni kazi nzuri sana ya mikono, na mizinga yake iliwatisha babu zetu. Mimi sioni kwamba ukurasa mmoja waufuta mwingine. Naona tu kwamba yote mawili yaandikwe.

Jumapili iliyofuata nilipiga mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari la chama. Binti wa mmoja wao, aliye kidato cha pili, alinitazama mara moja tu, akachukua kalamu akaendelea mwenyewe. Mweka hazina alirudishiwa ufunguo wa sanduku, ingawa wawili hawakupiga makofi. Shilingi 2,500 zilizobaki hazijaonekana hata leo. Zimeandikwa peke yake kwa wino mwekundu, na binti yule huzisoma kwa sauti kila Jumapili kabla ya michango kuanza.