Simba wawili: filamu za watoto katika mafundisho ya imani



Wakati wa likizo kubwa iliyopita, sisi tunaohudumu katika idara ya watoto tuliwaonyesha watoto wa kanisa filamu The Lion King, ambayo wengi hapa kwetu wanaifahamu kwa jina la Kifaransa, Le Roi Lion. Tulikuwa na projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, na jenereta nyuma ya kanisa. Kijana mmoja wa kwaya alitafsiri kwa Kiswahili. Watoto walicheka sana kusikia majina ya lugha yetu, Simba na Rafiki, katika filamu ya Wamarekani. Kisha Mufasa, baba yake Simba, akafa chini ya kwato za wanyama, na mtoto mmoja wa miaka kama tisa akasimama, akatoka nje.

Mama mwalimu alimfuata. Baba ya mtoto huyo aliuawa siku ile familia ilipokimbia vita. Walikuwa wamekwisha kufika njiani, mtoto akalia kwamba amesahau mfuko wake wa shule, na baba akarudi nyumbani kuuchukua. Mwaka mzima mtoto huyu alikuwa anakuja Shule ya Jumapili, anakariri mistari vizuri kuliko wenzake, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anachobeba. Katika filamu, Scar, ndugu yake Mufasa, anamwambia Simba mdogo kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake, kisha anamfukuza. Mtoto alimwambia mama mwalimu: «Mama, ule simba mubaya anasema kweli. Ni mimi.»

Tunaandika makala haya kwa sababu ya mtoto huyo, na pia kwa sababu ndugu kadhaa wametuuliza kama filamu za kufurahisha zina nafasi katika nyumba ya Mungu. Mmoja alisema kwamba hayo ni mambo ya Wakatoliki. Kwa sehemu ana haki.

Wakatoliki wameifikiri njia hii kwa muda mrefu. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika waraka Vigilanti Cura kuhusu sinema. Wakati ule jambo kubwa lilikuwa kujilinda, naye aliwasifu maaskofu wa Marekani waliowaomba waumini waahidi kuepuka filamu zenye kupotosha. Lakini alikubali pia kwamba filamu njema inaweza kumvuta mtu kwenye wema. Mwaka 1957 Pius XII aliandika Miranda Prorsus, juu ya sinema, redio na televisheni. Na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 za kukumbukwa, katika mafungu matatu: dini, maadili na sanaa. Humo mna The Wizard of Oz, hadithi ya watoto ambayo si ya dini hata kidogo. Kutoka kujenga uzio, walifika mahali pa kuuliza: tunaweza kuona nini humu pamoja na watoto wetu?

Hapa Kongo mapadri walitengeneza filamu zao wenyewe. Katika miaka ya 1950, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitoa filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili huko Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Watu walicheka, na ndani ya kicheko waliwekewa somo. Tukizitazama leo, tunaona kwamba Mkongomani alionyeshwa humo kama mtoto mkubwa wa kuelekezwa. Filamu hufundisha hata yale ambayo mwalimu hakukusudia.

Katekista Mkatoliki akiitazama The Lion King ana mengi ya kushika. Mwanzoni kabisa Rafiki anampaka mtoto Simba alama kwenye paji la uso, na mtoto Mkatoliki anakumbuka mara moja padri na ubatizo. (Kwetu Waprotestanti jambo hilo linafungua mjadala mwingine, kwani wengine tunabatiza watoto wachanga na wengine tunawaweka tu mikononi mwa Bwana. Tuliliacha lipite.) Baadaye Mufasa aliyekufa anamtokea mwanawe katika mawingu. Mkatoliki atafundisha hapo ushirika wa watakatifu na maombezi yao. Nasi pia tunautaja ushirika huo tunapokiri Imani ya Mitume, na Waebrania 12:1 inasema juu ya wingu la mashahidi wanaotuzunguka. Lakini hatuwafundishi watoto kuzungumza na baba zao waliokufa, wala kungoja sauti yao usiku. Kumbukumbu la Torati 18 inalikataza jambo hilo wazi. Katika nchi hii, ambako mtu akifiwa wapo wa kumwambia aende kwa mganga aongee na marehemu wake, hatuwezi kuiacha picha hiyo bila neno. Hatukumlaumu mtengeneza filamu. Tuliwaambia watoto tu: hapa hadithi hii na Biblia zinaachana njia.

Hazina kubwa zaidi kwetu ilikuwa pale pale alipotoka yule mtoto. Ufunuo 12:10 inamwita Shetani mshitaki wa ndugu zetu. Tumelihubiri andiko hilo mara nyingi kwa watu wazima, na sijui ni wangapi waliwahi kuliona kwa macho. Scar anaua, kisha anamwekea mtoto mzigo wa damu aliyoimwaga yeye mwenyewe. Jumapili iliyofuata tuliwauliza watoto swali moja tu: nani alisema uongo? Walijibu wote kwa sauti moja. Mama mwalimu alirudia swali hilo na yule mtoto peke yake, si mara moja, na alikwenda pia kumwona mama yake. Mama hakuwa anajua lolote.

Kuna mahali filamu hii inaishiwa. Simba anakimbilia porini, na rafiki zake wapya wanamwimbia Hakuna Matata: usiangalie nyuma, sahau. Watoto wetu wanaijua matata kuliko waandishi wa wimbo huo. Na mwishoni Simba anapata amani kwa kuwa inaonekana wazi kwamba hakuwa na kosa. Je, mtoto mwenye kosa kweli? Yule aliyeiba franga za mama yake, au aliyemsingizia mwenzake mpaka akapigwa? Kwake Simba hana habari njema.

Kwa mtoto huyo tulitafuta simba mwingine. Filamu ya Narnia ya mwaka 2005, The Lion, the Witch and the Wardrobe, inatokana na kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950. Lewis alikuwa Mwanglikana, na Wakatoliki wengi wanampenda sawa na sisi. Edmund anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya vitu vitamu na ahadi ya ufalme. Kosa lake ni la kweli, na mchawi anayedai damu yake hasemi uongo. Aslan, simba mkuu, anakufa mahali pake, kisha anafufuka. Hapo hakuna haja ya kutafuta somo kwa tochi. Hatari yake ni kinyume: mwalimu anashawishiwa kusimamisha filamu kila dakika na kusema, «Mmeona? Huyo ni Yesu.» Sisi tulifanya hivyo mara mbili, na watoto wakaacha kutazama, wakaanza kututazama sisi.

Hata filamu inayotoka katika Biblia haichukui mahali pa Biblia. Tulipouliza habari za Musa, watoto watatu waliokuwa wameona The Prince of Egypt ya mwaka 1998 walijibu kwamba alilelewa na mke wa Farao, na kwamba yule Mmisri alianguka kwa bahati mbaya baada ya kusukumwa. Kutoka 2 inamtaja binti Farao, na inasema kwamba Musa alitazama huku na huku kabla ya kuua, kisha akaficha maiti mchangani. Filamu ilikuwa imempunguzia Musa dhambi, na watoto waliiamini kwa sababu walikuwa wameiona.

Sasa tumebadili mambo machache. Sisi wenyewe tunatazama filamu nzima kwanza, tukiuliza ni mtoto gani wa kwetu anaweza kuumia na mahali gani. Mama mmoja anakaa karibu na mlango. Swali ni moja au mawili, na si mtihani. Tena tukiri: kopi tuliyotumia ilitoka sokoni, kwenye flashi ya bei ndogo, na hatujapata jibu zuri la kumpa mtoto akituuliza kama huo si wizi.

Kwa likizo ya Pasaka tumepanga The Prince of Egypt. Kutoka 1 hadi 15 itasomwa kwanza, kwa majuma matatu. Wazazi wanaombwa kukaa pamoja na watoto wao mpaka mwisho, viti vipo vya kutosha.