Boma la Vidudu vya Meno

Uamkapo asubuhi, pitisha ulimi juu ya meno yako kabla ya kupiga mswaki. Utaona yana utelezi. Utelezi huo ni ukoga, nao ni makao ya bakteria, yaani vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu.

Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyi biashara ya nguo wa mji wa Delft, katika Uholanzi, aliukwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe. Akaona vidudu vikienda huku na huku. Alijaribu kuviua kwa siki, lakini vilikufa vya nje tu. Vya ndani vilisalimika.

Kwa nini? Kwa sababu vidudu hivi hujijengea boma. Tulapo sukari, baadhi yao huigeuza kuwa gundi inayoshika sana jino, navyo hukaa ndani yake. Humo hutoa asidi, nayo hula jino hata likatoboka na kuuma.

Basi wataalamu waliwaza kulibomoa boma lenyewe kwa kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kitengenezwacho na viumbe hai ili kuharakisha kazi kama kuvunja chakula. Hata mate yetu yana vimeng'enya. Tafuna ugali kwa muda mrefu bila kuumeza: utaanza kuwa mtamu, kwa kuwa wanga wake unavunjwa kuwa sukari.

Kimeng'enya kiitwacho dekstranasi huvunja gundi ya ukoga. Mwaka 1968, katika Marekani, kilijaribiwa kwa wanyama wadogo waitwao hamsta, na ukoga wao ukapungua. Baadaye, katika Japani, kilitiwa katika dawa ya meno.

Lakini gundi ya ukoga si ya namna moja, na kila kimeng'enya huvunja namna yake tu, kama ufunguo na kufuli lake. Tena dekstranasi haiui vidudu. Huvunja nyumba tu, na wenyeji wakiachwa hujenga tena.

Kwa hiyo usiuache mswaki wako. Ukoga wa jana hutoka upesi. Ukikaa siku nyingi hugeuka gamba gumu kama jiwe, lisilotoka ila kwa chombo cha mganga wa meno.