Zafarani Sahanini: Kombe, Hirizi na Mipaka ya Dini

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Pemba na Kilwa, kombe ni tiba inayofahamika karibu katika kila nyumba ya Waislamu, hata zile ambazo wenyewe wanaipinga. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani, au mganga aliyepitia chuo hicho, huchukua sahani nyeupe ya kaure, akarowesha zafarani katika marashi ya mawaridi mpaka ikatoa rangi, akachovya kalamu ya mwanzi na kuandika aya alizozichagua kulingana na maradhi. Wino ukishakauka, sahani humiminiwa maji, maandishi yakayeyuka, na maji yaliyogeuka manjano yakatiwa chupani ili mgonjwa anywe kwa siku alizopangiwa. Ndugu yake kombe ni hirizi, yaani karatasi iliyoandikwa aya, dua au majedwali ya tarakimu, ikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa, kisha ikavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni, na hasa na watoto wachanga wanaohofiwa kupatwa na kijicho.

Wako wanaoyaona mambo haya yote kuwa mabaki ya dini za jadi yaliyovishwa kanzu. Maelezo hayo yana ukweli kwa baadhi ya desturi, mathalani fingo, chungu cha dawa kinachofukiwa mlangoni au kwenye lango la mji kwa ajili ya ulinzi, ambacho mfano wake umeonekana katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, na ambacho ni vigumu kukitafutia nafasi katika vitabu vya fikihi. Kwa kombe, hata hivyo, maelezo hayo yanapotosha, kwa kuwa sahani na zafarani zimo ndani ya vitabu vyenyewe, tena vitabu vya wanavyuoni ambao hakuna anayeweza kuwashuku kwa ulegevu. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1350, amepokea katika kitabu chake Zad al-Maad habari ya mtu aliyemwendea Ahmad bin Hanbal, imamu wa Baghdad aliyefariki mwaka 855, kumwomba amwandikie mwanamke aliyekuwa na uchungu wa uzazi kwa siku mbili bila ya kujifungua. Naye imamu akaagiza aletewe bakuli pana na zafarani. Mwanawe Abdallah naye alisimulia kwamba alimwona baba yake akiwaandikia wanawake wa namna hiyo katika chombo safi, akifuata maneno yaliyonasibishwa kwa Ibn Abbas, binamu yake Mtume. Ibn Taymiyya, mwalimu wa Ibn al-Qayyim na adui mkubwa wa desturi za kuomba makaburini, aliruhusu vilevile aya ziandikwe kwa wino ulio halali, zioshwe kwa maji, na mgonjwa anyweshwe.

Habari hizi zina uzito wa pekee, kwani Ibn Hanbal na Ibn Taymiyya ndio wanaotajwa sana na wale wanaotaka desturi hizi zing'olewe. Anayeandika kombe Pemba leo hakuzua jambo. Anatumia chombo kilekile na rangi ileile iliyotumika Baghdad katika karne ya 9, na mara nyingi kwa haja ileile ya mama anayeshindwa kujifungua.

Uzazi unarudi tena katika kisa cha jedwali mashuhuri kuliko yote katika elimu hizi. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu cha maisha yake ya kielimu, al-Munqidh min al-Dalal, juu ya mraba wa vyumba tisa ambao watu wa zama zake waliujaribu kwa wanawake wenye uzazi mgumu. Mraba huo uliandikwa juu ya vipande viwili vya kitambaa ambavyo havijawahi kuguswa na maji, mwanamke akavitazama, kisha akavikanyaga. Katika mpangilio wake mmoja, safu ya juu ina 4, 9 na 2, ya kati ina 3, 5 na 7, na ya chini ina 8, 1 na 6; mtu akijumlisha safu yoyote, kwa mlalo, kwa wima au kwa mshazari, hupata 15. Al-Ghazali hakuutaja mraba huo ili kuwafundisha watu uganga. Alikuwa akijibishana na wanafalsafa waliodai kwamba hawawezi kukubali jambo ambalo akili haijui sababu yake, akawauliza vipi wanakubali mraba huu kwa sababu tu umejaribiwa, na huku wanakataa kwamba idadi ya rakaa, mbili alfajiri, nne adhuhuri na tatu magharibi, yaweza kuwa na siri yake. Hata hivyo jina lake liliganda kwenye mraba huo, ukaitwa muthallath ya al-Ghazali, yaani jedwali la tatu kwa tatu, na waandishi wa hirizi wakapata ndani yake idhini ambayo huenda yeye mwenyewe hakukusudia kuitoa.

Tarakimu za pembeni mwa mraba huo, yaani 2, 4, 6 na 8, zina maisha yao wenyewe. Katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba, alifu ikiwa 1, be 2, mpaka ghaini ambayo ni 1,000, tarakimu hizo nne ni herufi za be, dali, wau na he, na zikiunganishwa hutoa neno buduhu, ambalo limeandikwa kwenye hirizi, milango na vito vya pete kana kwamba ni jina la mlinzi asiyeonekana. Elimu iliyokuza mambo haya huitwa elimu ya herufi. Mwandishi anayenasibishwa nayo zaidi ni Ahmad al-Buni, mtu wa Afrika Kaskazini aliyefariki Misri katika karne ya 13, na kitabu kinachobeba jina lake, Shams al-Maarif, ingawa watafiti wanaona kwamba nakala ndefu inayouzwa leo ilikusanywa baada ya kifo chake. Al-Buni alikuwa Sufi, na kwa Masufi wa aina yake majina ya Mwenyezi Mungu yalikuwa kwanza njia ya kumtakasa mja kwa dhikiri na kufunga. Mapishi ya kuvuta riziki na mapenzi yaliyojazana katika nakala za baadaye yanaonyesha jinsi lengo hilo lilivyobadilika mikononi mwa wasomaji.

Hesabu hiyo ya abjadi ndiyo inayotumika katika falaki, neno ambalo Waswahili hulitumia kwa elimu ya nyota na kwa ubashiri pia. Mwenye falaki huuliza jina la mtu na jina la mama yake, akajumlisha thamani za herufi zote, akatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka kibaki kisichozidi 12. Ali, kwa herufi za Kiarabu, ni 110, na Maryam ni 290. Jumla ni 400, na 396 zikishatoka, hubaki 4, ambayo ni nyota ya Saratani, ya nne katika buruji zinazoanzia Hamali. Kutokana na nyota hiyo mganga hutaja siku njema za safari, tabia ya mtu, maradhi yanayomwandama na aina ya ubani unaomfaa. Ramli ina hesabu yake nyingine, ambamo alama za nukta moja au mbili hupangwa kwa mistari minne na kuleta maumbo 16. Haiyumkiniki kuviita vyote hivi elimu ya maradhi, kwa kuwa mahesabu yake yangetoa jibu lilelile hata kama mgonjwa hakutazamwa kabisa.

Wanavyuoni walijaribu mapema kuweka mpaka, na Qur'ani yenyewe, katika sura ya al-Baqara aya ya 102, inataja uchawi uliofunzwa watu Babeli katika habari za Haruta na Maruta, na inausimamisha upande wa ukafiri. Upande wa pili kuna rukia, yaani kumsomea mgonjwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, masahaba walimsomea al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, wakapewa kundi la mbuzi, na Mtume akaridhia malipo yale. Katikati ya pande hizo ndipo ulipo ugomvi wa hirizi. Imepokewa kwamba Abdallah bin Amr aliwaandikia dua watoto wake waliokuwa bado hawajaweza kuihifadhi na kuwavisha, na imepokewa pia kwamba Abdallah bin Masud aliukata uzi uliokuwa shingoni mwa mkewe. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alishikilia kwamba uchawi ni kitu kilichopo kweli, na kwamba sheria imeuweka pamoja na talasimu, yaani vitu vinavyofanyiwa kazi kwa msaada wa nyota na tarakimu, katika fungu moja la haramu.

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, ndiye aliyetoa kipimo kinachofaa zaidi kwa mtu wa kawaida, alipoeleza kwamba wanavyuoni wameafikiana kuruhusu rukia kwa masharti matatu: iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa zake, iwe kwa Kiarabu au kwa lugha ambayo maana yake inafahamika, na aamini anayetibiwa kwamba dawa haina athari kwa nafsi yake ila kwa uwezo wa Mungu. Sharti la pili linastahili kutazamwa kwa makini. Kombe linaandikwa mbele ya macho, na mwenye kusoma Kiarabu anaweza kuliangalia kabla halijaoshwa. Hirizi humfikia mtu ikiwa imeshashonwa, mara nyingi na onyo kwamba akiifungua itaharibika, kwa hiyo aliyeivaa miaka kumi hajui kama amebeba Ayatul Kursi, mraba wa namba au majina ya majini asiyoyajua. Onyo hilo la kutofungua ndilo linalowalinda matapeli, nalo linapingana waziwazi na kipimo cha Ibn Hajar. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kilichoandikwa kabla uzi haujapita kwenye ngozi.

Kisomo cha halbadiri kinaleta swali jingine, kwa kuwa maneno yake hayafichwi, bali nia ndiyo inayotiliwa shaka. Huu ni usomaji wa majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri mwaka 624, ambao idadi yao mashuhuri ni 313, na katika mwambao husomwa kuomba haki dhidi ya mwizi au mdhalimu asiyejulikana. Aliyeibiwa hutangaza mtaani kwamba baada ya siku kadhaa atasoma halbadiri, na hofu ya tangazo hilo peke yake mara nyingine hutosha kurudisha mali usiku. Kwa watu wasio na wakili wala fedha za kufuatilia kesi, silaha hii si ndogo. Lakini ni dua ya maangamizi, na msomaji mwenye elimu hukataa kuisoma mpaka njia za usuluhishi ziishe, kwa kuchelea kumdhulumu asiye na hatia.

Upinzani wa masheikhe wa mwambao si wa jana. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitumia gazeti lake la al-Islah, lililoanza mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu waachane na itikadi zisizo na msingi, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mfasiri wa Qur'ani aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika juu ya bidaa. Katika miaka ya karibuni wamezuka wasomaji wa rukia wanaowakatia wagonjwa hirizi zao na kuwasomea hadharani, wengine kwa vipaza sauti, na kuuza maji na mafuta ya zeituni yaliyosomewa. Chupa zao hazina zafarani, na kwa hiyo mnunuzi hana hata rangi ya kumwonyesha kwamba kuna kilichosomwa. Analipia neno la muuzaji, kama aliyevaa hirizi alivyolipia neno la aliyeishona.

Katika Zad al-Maad, maandishi ya uzazi mgumu yamepangwa katika sehemu ya tiba, yakiwa jirani na habari za asali, hijama, habasoda na lishe ya mgonjwa, na katika sehemu hiyohiyo mwandishi ameweka hadithi zinazoamrisha kutafuta dawa na zinazomtaka atibuye bila ya ujuzi abebe dhamana ya madhara aliyoyasababisha.