KUWEKA PROGRAMU YA OFISI KWENYE KOMPYUTA YA LINUX



Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wetu wa Majengo, kompyuta isiyo na programu ya kuandikia ni sawa na ubao usio na chaki. Wengi wetu tumezoea kuchukua programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayopita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza, ni jasho la mtu lililochukuliwa bila ridhaa yake. Pili, mara nyingi huja na virusi, na virusi vinaweza kufuta mitihani na hesabu za ada za mwaka mzima.

Alhamdulillah, ipo njia ya halali isiyo na malipo. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Hapa kwetu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kutoka katika OpenOffice ikazaliwa LibreOffice mwaka 2010, nayo ndiyo tutakayoiweka.

Hatua zenyewe, kwa kompyuta yenye Ubuntu:

1. Unganisha intaneti. Mzigo ni mamia ya megabaiti, hivyo hakikisha bando linatosha.

2. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuandikia amri.

3. Andika: sudo apt update
Kisha bonyeza Enter. Utaombwa nywila. Ukiiandika hutaona herufi yoyote. Usishtuke, endelea tu. Amri hii husoma orodha mpya ya programu, haijaweka kitu bado.

4. Andika: sudo apt install libreoffice hunspell-sw
Jina la kwanza ni programu yenyewe, la pili ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ukiulizwa kama uendelee, bonyeza Y kisha Enter.

5. Ikimaliza, tafuta LibreOffice kwenye orodha ya programu. Writer ni ya barua na mitihani, Calc ni ya hesabu za ada, na Impress ni ya kuonyeshea masomo.

Kwa nini njia hii ni salama? Kwa sababu apt huchukua programu kwenye ghala la Ubuntu na kukagua saini yake kabla ya kuiweka. Kitu kilichochezewa njiani hukataliwa. Neno sudo humpa mtu mamlaka yote ya kompyuta, kwa hiyo nywila hiyo ni amana; asipewe kila mtu.

Kwa masomo ya Kiarabu, fungua "Tools", kisha "Options", uende sehemu ya lugha na uweke alama kwenye "Complex text layout". Baada ya hapo, Ctrl na Shift ya kulia hugeuza aya ianzie kulia.

Mwisho, ukipeleka kazi kuchapwa steshenari, ihifadhi kama PDF ili mpangilio usivurugike. Nakala ya kuendelea kusahihisha ibaki nyumbani, na nyingine kwenye flashi.

Mwenye kujua amfundishe mwenzake. Wabillahi tawfiq.