Pumzi ya Msomaji

Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, mwanangu wa miaka 9 alikuwa akimsomea bibi yake Suratul Maun. Alianza kwa kasi, akazipitia aya tatu za mwanzo kwa pumzi moja kama mtu anayefukuzwa. Alipofika mwisho wa aya ya nne pumzi ikamwishia, akafunga msahafu, akaenda zake kunywa maji. Bibi akamwita: "Mume wangu, hebu rudi. Umetuachia adhabu sisi tunaosali, kisha unaondoka? Nami nimetoka kusali sasa hivi!"

Wanaoijua sura hiyo watakuwa wamekwisha kucheka. Aya ya nne inawaonya wanaosali. Ni aya ya tano inayobainisha kuwa wanaokusudiwa ni wale wanaoghafilika na sala zao. Kwa kuwa pale ni mwisho wa aya, wapo wanazuoni wanaoruhusu kutua ili kupumua, mradi msomaji aunganishe mara moja. Kukomesha kisomo hapo ni jambo jingine. Hali huwa nzito zaidi katika aya ya 43 ya Suratun Nisaa, ambamo anayeishiwa pumzi mapema hubaki amewakataza watu kuikaribia sala, ilhali ulevi bado haujatajwa. Ndiyo asili ya elimu ya waqfu na ibtidaa, yaani mahali pa kutua na mahali pa kuanzia, na ya zile alama ndogo zilizo juu ya mistari ya msahafu.

Lakini alama haimsaidii asiye na pumzi ya kumfikisha kituoni. Chuoni mtoto hufundishwa makharij ya herufi, hukumu za nun sakina na urefu wa madda, tangu harakati mbili hadi sita. Pumzi ya kuzibeba harakati hizo mara nyingi huachwa ijitafutie njia yenyewe. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo.

Mtazame mtoto anapoambiwa avute pumzi: huinua mabega na kutunisha kifua. Pumzi ya namna hiyo ni fupi, tena hukaza shingo na koo. Msuli mkuu wa kupumulia uko chini ya mapafu, umetandazwa baina ya kifua na tumbo. Unaposhuka, mapafu hupata nafasi ya kujaa na tumbo husogea mbele kidogo. Mweke mtoto mkono tumboni, avute hewa polepole kwa pua, kisha aitoe kwa sauti ya herufi "sin" iliyo nyembamba na isiyotetereka, huku ukihesabu kwa vidole. Dakika chache kila siku zatosha. Akihisi kizunguzungu, apumzike.

Sauti yenyewe huzaliwa katika zoloto, pale nyuzi zinapotikiswa na hewa inayotoka. Hewa ikipungua, msomaji hulazimisha kwa koo, na ndipo sauti humpwelea. Vijana wetu wa kaswida, ambao hupaza sauti kushindana na dufu na vipaza sauti, wanalijua hilo vyema asubuhi ya pili ya Maulidi.

Wengi wao humwiga marehemu Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1988, ambaye pumzi yake ndefu iliwashangaza wasikilizaji duniani kote. Si vibaya kumpenda. Lakini nimeona watoto wakivimba mishipa ya shingo ili wamalize aya tatu bila kutua, na wakubwa wakishangilia. Bi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokewa akieleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akikikata kisomo chake aya baada ya aya. Pumzi ndefu ni ya kuitumikia aya. Wenye kushangilia wangelikumbuka hilo.

Faida ya mazoezi haya haiishii kwenye kisomo. Huko Uingereza mwaka 2020, kundi la English National Opera lilishirikiana na madaktari wa London kuwafundisha kupumua na kuimba watu waliobakiwa na uchovu na kukosa pumzi baada ya UVIKO-19. Walitumia nyimbo za kubembelezea watoto, zile ambazo kila mama anazo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha nafuu, hasa ya utulivu wa nafsi. Haikuwa tiba badala ya dawa, na mwenye pumu asiiweke kando dawa yake.

Nyumbani kwetu, mwanafunzi wa pili amekuwa bibi mwenyewe. Tangu alipougua kifua, aya ndefu humshinda katikati. Sasa huketi na mjukuu wake mkekani, kila mmoja mkono tumboni. Pumzi inapomwishia bibi kabla ya kituo, hutua, hurudi nyuma maneno mawili au matatu hadi maana iungane, kisha huendelea. Mtoto humngoja. Juzi nilimsikia naye akirudi nyuma vivyo hivyo, bila kuambiwa.