Kuisoma Urusi bila kufika Urusi

Wengi wetu ughaibuni tunasoma chuo kimoja na wanafunzi wanaoandika tasnifu za uzamivu kuhusu siasa na jamii ya Urusi, na siku hizi wengi wao hawathubutu kwenda huko. Basi wanajuaje wanachokiandika? Swali hili lina historia, na sehemu yake inatugusa sisi Waafrika.

Enzi za Stalin mgeni hakuweza kuzunguka nchini akiuliza watu maswali. Chuo Kikuu cha Harvard kikawafuata waliokwisha kutoka: mwaka 1950 na 1951 kiliwahoji mamia ya wakimbizi wa Kisovieti, wengi wao wakiwa Ujerumani, kuhusu kazi zao, familia na maisha chini ya dola ile. Hata aliyefanikiwa kuingia baadaye hakuepuka kushukiwa. Sheila Fitzpatrick, Mwaustralia aliyekuwa mwanafunzi wa Oxford, alikuwa akipekua nyaraka Moscow pale gazeti la Sovetskaya Rossiya lilipomsema, mwaka 1968, kwamba hana tofauti kubwa na jasusi.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, mambo yaligeuka. Hifadhi za nyaraka zilifunguliwa, mwanasosholojia Yuri Levada na wenzake wakaendesha kura za maoni za kuaminika, na mwaka 1994 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Ulaya mjini St. Petersburg. Mwanafunzi aliweza kukaa mwaka mzima katika mji wa mbali akizungumza na madiwani na wafanyakazi wa viwandani.

Hapo ndipo lilipofanyika jaribio ninaloliona la werevu kuliko mengi. Mwaka 2015 Timothy Frye na wenzake walitaka kujua kama Warusi wanaosema wanamuunga mkono Putin wanasema hivyo kutoka moyoni. Waliwagawa wahojiwa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa majina matatu ya viongozi wa zamani, Stalin, Brezhnev na Yeltsin. Jingine majina hayohayo pamoja na Putin. Hakuna aliyetakiwa kusema anamuunga mkono yupi. Kila mmoja alitaja idadi tu: wawili, mmoja, hakuna. Wastani wa kundi la pili ulipouzidi ule wa kwanza, ziada hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya wanaomuunga mkono Putin, na hakuna mtu aliyejifichua. Jibu lilikaribia asilimia 80, si mbali na kura za maoni za kawaida. Aliyetaka kuamini kwamba ni hofu tupu hakulipenda, na ndiyo maana nalithamini.

Wakati huo huo milango ilikuwa ikifungwa. Sheria ya mawakala wa kigeni, iliyoyabana mashirika yanayopokea fedha za nje, ilipitishwa mwaka 2012, na Kituo cha Levada cha kura za maoni kikabandikwa jina hilo mwaka 2016. Desemba 2021 mahakama iliamuru kuvunjwa kwa Memorial, shirika lililohifadhi kumbukumbu za wahanga wa Stalin. Machi 2022, siku chache baada ya uvamizi wa Ukraine, ikaja sheria inayoweza kumfunga mtu miaka 15 kwa kile serikali inachokiita habari za uongo kuhusu jeshi. Sasa swali la kawaida kuhusu vita linaweza kumponza anayelijibu, wakati mtafiti mgeni anarudi zake kwao. Naamini mwanafunzi mwadilifu hana budi kuliacha swali kama hilo, hata tasnifu ikipungukiwa.

Wengine sasa hukusanya taarifa zilizo wazi, kama tovuti ya habari ya Mediazona na BBC ya Kirusi wanavyohesabu askari waliokufa kwa kutumia matangazo ya misiba na makaburi. Wengine huwahoji waliohama. Hapo linarudi tatizo la Harvard: aliyeondoka hafanani na aliyebaki. Kikundi cha Warusi kiitwacho Public Sociology Laboratory kiliamua mwaka 2023 kutuma watafiti wakakae na watu hadi Buryatia, huko Siberia, wasikilize mazungumzo ya kila siku badala ya kugawa hojaji.

Nasi je? Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, Waafrika wengi wamesoma huko na kukijua Kirusi cha mtaani, sokoni na bwenini. Ujuzi huo vyuo vingi vya Magharibi havina, lakini simuoni mtu akiuomba. Ningependa kusoma tasnifu ya Mtanzania au Mkenya kuhusu vibarua kutoka Asia ya Kati mjini Moscow, au jinsi wageni wanavyoshawishiwa kujiunga na jeshi, iliyoandikwa akiwa amekwisha kurudi nyumbani salama na majina ya wahojiwa wake yamefutwa.