Kabla ya kununua mche wa parachichi, tafuta kovu

Wakulima wengi wa parachichi wanaujua uchungu wa kungoja. Mtu ananunua miche, anachimba mashimo, anapalilia miaka minne, halafu jirani anavuna matunda na yeye anaokota majani. Mara nyingi kosa si la udongo wala mbolea. Aliuziwa mche uliooteshwa kwa kokwa tu, haukubebeshwa.

Mche wa kokwa huweza kukaa miaka mitano hadi saba, au zaidi, bila kuzaa. Uliobebeshwa vizuri huanza kati ya mwaka wa pili na wa nne. Tofauti hiyo imo ndani ya chembe hai za mti.

Mti hukua kwa chembe kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Nyingi zikishakua hushika kazi moja: hizi hupitisha maji, hizi hupitisha chakula, nyingine huwa gome. Lakini kati ya gome na mbao upo utando mwembamba wenye utelezi ambao chembe zake bado zinagawanyika. Zinazobaki upande wa ndani huwa mbao, za nje huwa mifereji ya chakula.

Fundi anayebebesha anakutanisha utando wa shina na utando wa kikonyo. Chembe za pande zote mbili hugawanyika na kujaza pengo kwa nyama laini, kisha baadhi yake hugeuka mifereji, na maji ya mizizi hupanda. Kabla ya hapo kikonyo kinaishi kwa unyevu wake chenyewe, ndiyo maana hufungwa nailoni na kuwekwa kivulini. Kisu butu huziponda chembe hizo. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kisiwekwe katikati. Gome likutane na gome angalau upande mmoja. Mnazi na mgomba hazina utando huu, kwa hiyo hakuna anayezibebesha hivi.

Kikonyo hakisahau umri wake. Kikikatwa kwenye mti unaozaa, chembe zake huendelea kugawanyika zikiwa pevu. Kikikatwa kwenye mche wa kokwa ambao haujawahi kuzaa, hubaki na utoto wake, hata kovu likiwa zuri namna gani.

Hass, aina inayotafutwa na wanunuzi kuanzia Njombe hadi Murang'a, yote imetokana na mti mmoja. Rudolph Hass, mgawa barua wa California nchini Marekani, aliupanda kwa kokwa mwaka 1926. Alijaribu kuubebesha aina nyingine, vikonyo vikakataa kushika, akauacha ukue. Akapata hataza yake mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mizizi, lakini chembe zake bado zinagawanyika katika mamilioni ya miti.

Basi anayekwenda kitaluni aangalie chini ya majani. Kovu la kuunganisha lionekane wazi, na aulize kikonyo kilikatwa mti gani na kama unazaa. Asiyejibu, aachwe na miche yake.

Shambani, nailoni ifunguliwe kovu likishapona, la sivyo italinyonga shina. Machipukizi yanayotokea chini ya kovu yakatwe mapema, kwa kuwa hayo ni ya shina la kokwa na yakiachwa hukipokonya kikonyo chakula.